Kitabu cha Ufunuo na Watu Walioandikiwa

Kitabu kinachofunga Biblia kimepatwa na misiba miwili. Kuna watu wanaokiogopa hata hawakifungui, na kuna watu wanaokipenda kupita kiasi, wakakigeuza kuwa ramli ya kupigia bao la mwaka wa kiama. Wale wa kwanza huikosa faida yake. Hawa wa pili wamewahi kuwapeleka wenzao kaburini, na hapa petu Kenya jambo hilo limetokea mbele ya macho ya watu walio hai. Kwa hiyo nakuomba, msomaji, uwe Mkristo au usiwe, unifuate pole pole nikueleze kitabu hiki kiliandikwa wapi, kwa ajili ya nani, na kwa haja gani.

Tuanze na jina. Kwa Kiyunani kitabu huitwa kwa neno lenye maana ya kuondoa kifuniko. Katika lugha nyingi za Ulaya neno hilo limegeuka likawa jina la maangamizi, lakini Kiswahili kimeihifadhi maana yake ya asili. Tusemapo ufunuo twakumbuka mara moja kufunua. Mpishi aondoapo kawa juu ya sinia, chakula kilichokuwamo tangu awali huonekana. Hakukileta wakati ule. Ameondoa tu kile kilichokificha. Mwandishi wa Ufunuo alijipa kazi ya namna hiyo. Alitaka kuwaonyesha watu wa zama zake kile kilichokuwa chini ya kawa ya dola iliyowatawala.

Mwandishi huyo ajitaja kwa jina la Yohana, wala haongezi cheo. Wengi katika Kanisa la kale walimhesabu kuwa ni yule mtume. Lakini katika karne ya tatu Dionysius, askofu wa Alexandria, alikilinganisha Kiyunani cha Ufunuo na kile cha Injili ya Yohana, akaona kuwa ni vigumu vitabu hivyo viwili kutoka katika mkono mmoja. Lililo wazi ni mahali alipokuwa. Alikuwa Patmo, kisiwa kidogo chenye mawe mengi katika bahari ya Aegea, akiwa huko kwa sababu ya imani yake. Irenaeus, aliyeandika karibu na mwaka 180, asema kuwa maono hayo yalionekana mwishoni mwa utawala wa Kaisari Domitian, aliyetawala tangu mwaka 81 mpaka 96. Wako wataalamu wanaoyaweka nyuma zaidi, muda mfupi baada ya kufa kwake Nero mwaka 68, lakini wengi humfuata Irenaeus.

Kutoka Patmo aliwaandikia watu wa miji saba ya bara, katika jimbo ambalo Warumi waliliita Asia, na ambalo leo ni sehemu ya magharibi ya Uturuki. Chukua ramani uitazame miji hiyo kwa mfuatano alioutaja: Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia, Laodikia. Utaona kwamba ni njia ya tarishi. Mjumbe ashukaye pwani Efeso huelekea kaskazini mpaka Pergamo, kisha hukata kona kuingia bara, akateremka kusini na mashariki hadi Laodikia. Basi kitabu tunachokiona kuwa fumbo la walimwengu wote kilikuwa kwanza ni waraka, wenye anwani, uliobebwa mkononi na mtu mwenye miguu iliyochoka, ukasomwa kwa sauti mbele ya watu waliojuana kwa majina.

Na mwandishi aliwajua. Tazama alivyowasema watu wa Laodikia, kwamba si moto wala baridi. Mji huo ulikuwa wa matajiri, wenye sifa ya fedha na ya manyoya meusi ya kondoo. Mwaka 60 tetemeko la ardhi liliubomoa, na Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, ameandika kuwa wenyeji waliujenga upya kwa mali yao wenyewe pasipo msaada wa dola. Mji haukupungukiwa na kitu ila maji mazuri. Ng'ambo ya bonde, huko Hierapoli, zilikuwako chemchemi za maji ya moto, ambazo zingali zikitiririka mpaka leo mahali paitwapo Pamukkale. Na upande mwingine, Kolosai, palikuwa na maji baridi. Maji ya Laodikia yalisafirishwa kwa mabomba ya mawe. Mabomba hayo yangaliko katika magofu, yamezibwa nusu na chokaa iliyoachwa na maji yenyewe. Maji ya moto hutibu viungo, na ya baridi humburudisha msafiri, bali ya uvuguvugu huchafua roho. Wasikilizaji wa Laodikia hawakuhitaji mwalimu wa kuwafasiria tusi hilo. Walikuwa wakilinywa kila siku.

Sasa tuje kwenye shida iliyomfanya Yohana aandike. Usidhani kwamba katika miji ile Wakristo walitupwa mbele ya simba kila Jumapili. Mateso makali ya Nero, baada ya moto wa mwaka 64, yalikuwa katika mji wa Rumi. Katika Asia mambo yalikuwa ya taratibu zaidi, na pengine ndiyo maana yalikuwa ya hatari zaidi. Pergamo ulikuwa umepewa idhini ya kujenga hekalu la Augustus na la Rumi tangu mwaka 29 kabla ya Kristo. Smirna ulijipatia heshima ya hekalu la Tiberius mwaka 26. Efeso ukafungua hekalu la jamaa ya Domitian mwaka 89 au 90. Miji ilishindania mahekalu hayo kama leo miji ishindaniavyo viwanja vya michezo na mikutano ya mataifa. Kulikuwa na sherehe, na biashara, na vyeo vya watu wakubwa. Mafundi wa Thiatira, wapaka rangi na wafua shaba na wengineo, walikuwa na vyama vyao, na vyama hivyo vilikula karamu mbele ya sanamu. Fundi aliyekataa kuketi karamuni hakukamatwa. Alikosa kazi.

Tunayo barua ya gavana mmoja ituonyeshayo mambo yalivyofika baadaye. Karibu na mwaka 112 Pliny, gavana wa Bithinia, jimbo la jirani, alimwandikia Kaisari Trajan kumweleza jinsi alivyowahukumu Wakristo. Alimwuliza mtu mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Aliyekubali kuyataja majina ya miungu, akafukiza ubani na kumimina divai mbele ya sanamu ya Kaisari, kisha akamlaani Kristo, aliachiliwa aende nyumbani. Aliyeshikilia neno lake aliuawa. Chembe ya ubani ina uzito gani? Hapana shaka majirani wengi wema waliwaambia Wakristo kuwa jambo hilo ni dogo, ni desturi tu, mtu anaweza kufukiza mkono wake huku moyo wake uko kwingine. Yohana aliandika ili kuwaambia kuwa si dogo. Mnyama atokaye baharini, mwenye kudai asujudiwe na dunia yote, ni sura ya dola hiyo ikiwa imefunuliwa. Mbele ya watu dola ilivaa nguo nyeupe na kushika sheria na kujenga barabara. Chini ya kawa ilikuwa na meno.

Kama meno hayo yaliuma nani, lasema jambo moja ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Katika sura ya sita hutoka farasi mweusi, na mpanda farasi ana mizani mkononi, ikasikika sauti ikitangaza bei ya nafaka. Waliotafsiri Biblia yetu ya Kiswahili ya mwaka 1952 waliitia bei hiyo katika vipimo vya kwetu, kibaba na nusu rupia. Sarafu ya asili ilikuwa dinari, ujira wa kibarua kwa siku moja, nacho kipimo cha ngano kilikuwa posho ya mtu mmoja kwa siku moja. Maana yake ni kwamba mtu afanye kazi tangu asubuhi mpaka jioni, apate ngano ya kula peke yake, na mkewe na watoto wangojee. Je, bei hiyo ni ndoto? Huko Antiokia ya Pisidia limeonekana jiwe lenye amri ya gavana, ya mwaka 92 au 93, wakati wa njaa, iliyokataza kuuza ngano zaidi ya dinari moja kwa kipimo kikubwa, kilichotosha kiasi cha vibaba vinane. Bei ya farasi mweusi basi ilikuwa mara nane ya ile ambayo serikali yenyewe iliihesabu kuwa ni mwisho. Na sauti ile yaongeza kuwa mafuta na divai visiguswe, vitu ambavyo wenye mashamba makubwa walivilima kwa faida. Nadhani huna haja ya kuambiwa mengi hapa. Umeona mwenyewe jinsi unga upandavyo bei mjini wakati vitu vya anasa vimejaa madukani.

Kadhalika idadi ya mnyama, 666, iliyowatia watu hofu karne nyingi. Wazee wa pwani waliosoma chuoni waijua hesabu ya abjadi, ambayo alifu ni moja na be ni mbili, na kuendelea mpaka herufi za makumi na za mamia. Wayahudi na Wayunani nao walihesabu kwa herufi zao, na mchezo wa kuficha jina ndani ya idadi ulikuwa wa kawaida kabisa. Katika mji wa Pompeii, uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, ukutani pameonekana maandishi ya kijana aliyempenda mwanamke, lakini badala ya jina lake aliandika idadi yake, 545. Basi chukua jina la Nero Kaisari kama lilivyoandikwa kwa herufi za Kiebrania: n 50, r 200, w 6, n 50, k 100, s 60, r 200. Jumlisha. Tena, Walatini walilitaja jina hilo bila ile n ya mwisho, na ukiipunguza hiyo 50 wapata 616. Na idadi ya 616 ndiyo iliyomo katika baadhi ya nakala za kale kabisa za Ufunuo. Hesabu mbili, jina moja. Nero alikuwa amekwisha kufa, lakini watu walivumisha kuwa atarudi, na Yohana aliona roho yake katika viti vya waliomfuata.

Watu ambao hawakuijua hesabu hii wamelitafuta jina hilo kila mahali. Wamelipata kwa Papa, na kwa Luther, na kwa Napoleon, kila mmoja kwa mnyama amchukiaye. Mwaka 2019, serikali ya Kenya ilipoanza kuandikisha raia kwa ajili ya Huduma Namba, wako Wakristo waliokataa kwa kuiogopa kuwa ndiyo chapa.

Jina la Babeli nalo lina ufunguo wake. Babeli halisi ya Mesopotamia ilikuwa imekwisha kuwa magofu na vijiji. Lakini Babeli ndiyo iliyolibomoa hekalu la Yerusalemu katika karne ya sita kabla ya Kristo, na mwaka 70 Warumi walilibomoa tena. Kwa Myahudi, na Yohana alikuwa Myahudi, jina la mbomoaji wa kwanza lilimfaa wa pili. Ili pasiwe na shaka, amemketisha mwanamke huyo juu ya vilima saba, na kila mtoto wa shule alijua ni mji gani ulioketi hivyo.

Hapa kitabu chafika kwetu bila kutarajiwa. Katika sura ya kumi na nane wafanya biashara wasimama mbali wakiulilia mji unaoungua, na Yohana ataja shehena za marikebu zao kama karani wa forodha: dhahabu, lulu, hariri, mdalasini, ubani, ngano, ng'ombe. Katikati ya orodha zimo pembe za ndovu. Kutoka karne iyo hiyo tunacho kitabu kidogo cha baharia wa Kiyunani, kiitwacho Periplus, kielezacho safari za bahari ya Hindi; nacho chaitaja pwani ya Azania, ambayo ni pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, na soko lake la mwisho Rhapta, na bidhaa ya kwanza iliyotoka huko kwa wingi ilikuwa pembe za ndovu. Kwa hiyo yamkini katika vitanda na meza za matajiri wa Rumi, ambazo Yohana aliziona zikiungua, zilikuwamo pembe za ndovu waliokufa katika pori letu. Na mwisho wa orodha, baada ya farasi na magari, wametajwa watumwa. Mwandishi hakuliacha neno hilo lipite kama bidhaa nyingine. Alitia maneno ya kukumbusha kuwa hao ni watu wenye roho. Sisi wa pwani hii, ambao tulijua soko la watumwa mpaka karne ya kumi na tisa, tunaweza kuusoma mstari huo polepole kuliko wengine.

Kitabu hiki hakikupokewa upesi. Makanisa ya Mashariki yalisitasita muda mrefu; Athanasius alipoorodhesha vitabu vya Agano Jipya mwaka 367 alikitia, lakini mpaka leo Waorthodoksi hawakisomi katika ibada zao za kawaida. Luther, mwaka 1522, alisema waziwazi kuwa hakimvutii. Nadhani waliogopa kile ambacho wasomaji wenye haraka wangekifanya, na hofu yao haikuwa bure.

Mwaka 1534 kikundi cha waumini kiliushika mji wa Münster, huko Ujerumani, kikautangaza kuwa Yerusalemu Mpya. Nabii wao wa kwanza, Jan Matthys, alitarajia mwisho siku ya Pasaka; siku ile alitoka nje ya ukuta na watu wachache kupigana na jeshi zima, akauawa. Mji ulizingirwa, watu wakala panya na majani, mpaka ulipoanguka mwaka 1535. Huko Marekani William Miller, mkulima aliyesoma Biblia kwa bidii na moyo safi, aliwafundisha maelfu kuwa Kristo yu karibu kurudi, na wafuasi wake wakaishika siku ya tarehe 22 Oktoba 1844. Wako walioacha mavuno yao mashambani. Jua likachwa, likacha tena. Baadhi ya waliovunjika moyo siku ile walikusanyika upya, na mwaka 1863 wakaanzisha Kanisa la Waadventista wa Sabato, lililofika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Nao tangu hapo hawafundishi siku wala saa. Mwaka uo huo wa 1844, huku wengine wakihesabu siku, Krapf alifika Mombasa akaanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Mmoja alifungua kitabu cha mwisho, mwingine cha kwanza.

Waliokuja baadaye hawakuishia kwenye machozi. Huko Kanungu, nchini Uganda, kikundi kilichoungoja mwisho wa dunia kuingia kwa mwaka 2000 kiliona mwaka umeingia na dunia ingaliko; tarehe 17 Machi mamia ya watu waliteketea ndani ya jumba la ibada lililofungwa. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Wengi walikuwa wamekufa kwa njaa, wakiwa wameambiwa kuwa mfungo ndio njia ya kukutana na Mwokozi kabla ya dunia kuisha. Watoto walikuwa wengi miongoni mwao. Mtoto wa miaka sita hafungi, hunyimwa.

Sasa rudi kwenye kitabu chenyewe ukitafute humo amri hiyo. Hutaiona. Mashahidi wa Ufunuo waliuawa na wengine, kama Antipa wa Pergamo, na kama Polycarp, askofu wa Smirna, aliyechomwa moto katika uzee wake katikati ya karne ya pili. Hakuna hata mmoja aliyeagizwa ajiue. Njaa katika kitabu hiki hupanda farasi mweusi, nayo ni miongoni mwa maadui. Katika sura ya saba waliookoka wameahidiwa kuwa njaa na kiu havitawapata tena. Na katika sura za mwisho watu hawakimbii dunia kwenda juu. Mji mtakatifu ndio ushukao kuja chini, malango yake hayafungwi, na majani ya mti ulio ndani yake ni dawa ya mataifa. Mhubiri amwambiaye mtu aache shamba, aache shule, amtoe mtoto hospitali, kwa kuwa mwisho umefika, amekisoma kitabu hiki kinyumenyume.

Wako waliokisoma vingine katika zama zetu. Afrika ya Kusini, wakati wa siasa ya ubaguzi wa rangi, mchungaji Allan Boesak alikieleza Ufunuo katika kitabu alichokitoa mwaka 1987, nchi ikiwa chini ya amri ya hatari. Alikuwa akihubiri kwa watu ambao serikali yao ilienda kanisani na kutaja jina la Mungu katika katiba yake, huku ikiwatoa watu majumbani kwa sababu ya rangi. Watu hao hawakuuliza mnyama atakuja mwaka gani. Walijua anwani ya ofisi yake. Walichokihitaji ni kusikia kuwa nguvu hizo hazikaliwi na Mungu, na kuwa zina mwisho, na kuwa mtu aweza kukataa kuzisujudia hata kama hana silaha. Ndivyo Smirna na Filadelfia walivyokisikia, na ndivyo muumini wa leo awezavyo kukisikia mahali popote ambapo mtu mkubwa ataka aimbiwe kama mungu, au ambapo bei ya unga haimruhusu kibarua alishe nyumba yake.

Ukitaka kukisoma mwenyewe, usianzie kwenye wanyama. Anza na barua saba za sura ya pili na ya tatu, ukiwa na ramani mkononi. Kisha soma sura ya kumi na nane. Weka Danieli, Ezekieli na Kutoka karibu nawe, kwa sababu mwandishi huchota humo karibu katika kila aya bila kusema kuwa anachota. Halafu rudi mwanzo ukisome chote kwa kituo kimoja. Ni sura 22 tu, na jioni moja yatosha. Mwenye kuweza na asome kwa sauti, wengine wasikilize, maana hivyo ndivyo kilivyosomwa mara ya kwanza.